"Before", "without", "to": namna ya kutumia vitenzi vya Kiingereza vyenye mkia baada ya kihusishi

"Please call us before to set off." "Don't go out without turn off the fan." "I look forward to pick up you."

Sentensi za namna hii zimeenea kwenye mabango ya nyumba za wageni Shela, kisiwani Lamu, kwenye ujumbe wa manahodha kwa wageni wanaotua uwanja wa ndege wa Manda, na kwenye insha za wanafunzi wa sekondari wenye alama nzuri kabisa katika masomo mengine. Anayeziandika anayajua maneno yote. Anajua "set off" ni kufunga safari na "turn off" ni kuzima. Kinachomwangusha ni pale kihusishi kinapogusana na kitenzi, na hapo kamusi pekee haimsaidii.

Mwongozo huu unahusu hapo tu. Vile vitenzi vya maneno mawili au matatu ambavyo walimu huviita "phrasal verbs" tutaviita vitenzi vyenye mkia. Katika "set off", kichwa ni "set" na mkia ni "off".

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu za rangi mbili. Buluu ni ya kichwa cha kitenzi, nyekundu ni ya mkia. Usiidharau hatua hii ukaiona ya kitoto. Makosa mengi hapa ni ya mahali neno linapokaa, na jicho huliona kosa la mahali haraka zaidi kukiwa na rangi.
- Kamusi ya Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza lugha hiyo. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili itakupa maana, lakini mara nyingi haitakuonyesha mahali pa kuweka kitu kinachotendwa.
- Vitenzi 14 vya kuanzia: set off, kufunga safari, pick up, kumchukua mtu, turn off, kuzima, take off, kuvua, fill in, kujaza fomu, check in, kujiandikisha hotelini, tie up, kufunga chombo, get on, kupanda, get off, kushuka, look after, kutunza, look for, kutafuta, give up, kuacha au kukata tamaa, put off, kuahirisha, run out of, kuishiwa na.
- Vihusishi hivi kwenye karatasi moja: before, after, without, by, for, of, about, in, on, at, from, despite, instead of, to.
- Sentensi 10 za Kiingereza ulizoziandika mwenyewe hivi karibuni. Zitoe kwenye simu yako, kwenye barua ya kuomba kazi au kwenye bango la mlangoni, na usizisahihishe kwanza.

Tenga nusu saa kwa siku, hatua moja kila siku. Hatua ya 5 ipe siku mbili.

## Hatua ya 1: Tambua kwamba baada ya kihusishi hukaa nomino

Kiswahili kina "ku-" moja yenye kazi mbili. Ukisema "Nataka kuondoka", hicho ni kitenzi kinachofuata kitenzi kingine. Ukisema "Kuondoka kwake kumetuhuzunisha", hiyo ni nomino ya ngeli ya KU, na ndiyo maana imevuta "kwake" na "kumetuhuzunisha". Sisi hatuhitaji kuchagua, kwa kuwa umbo ni lilelile.

Kiingereza kimezigawa kazi hizo. Ya kwanza ni "to leave", ya pili ni "leaving".

Sasa itazame "kabla ya kuondoka". Baada ya "ya" hukaa nomino: kabla ya sala, kabla ya kaskazi, kabla ya kuondoka. Kwa hiyo "ku-" hii ni ya ngeli ya KU, na mwenzake wa Kiingereza ni "-ing": before leaving. Hata "bila" iko hivyo: bila sukari, bila kuondoka, without sugar, without leaving. Kanuni hii sikio la Mswahili linaijua tangu utotoni. Tatizo ni kwamba shuleni tulifundishwa "ku-" ni "to", basi, na nusu ya pili ya habari ikabaki nje.

Jaribio la kufanya kila mara ni hili: mahali pa kitenzi weka nomino ya kawaida. "Before lunch", "without sugar", "instead of tea". Nomino ikikaa vizuri, kitenzi kitakachoingia hapo lazima kivae "-ing".

- Please call us before setting off from Mokowe.
- Do not go out without turning off the fan.
- Instead of giving up, he asked another captain.

Tahadhari. "Before", "after" na "since" huweza pia kuwa viunganishi. Vikifuatwa na mtenda, kitenzi kinanyambuliwa kama kawaida na "-ing" haina nafasi: before we set off, after they checked in. Kosa la "before we setting off" hutokea kwa mtu aliyeikariri kanuni bila kuangalia kinachofuata. "Because of" na "despite" hufuatwa na nomino au "-ing"; "because" na "although" hufuatwa na sentensi kamili. Usiandike "despite of", haipo. Na "during", ingawa ni kihusishi, haipendi "-ing" ya namna hii: sema "during the crossing" au "while crossing", usiseme "during crossing over".

Umefaulu ukiweza kuzipitia sentensi zako 10 na kupigia mstari kila kihusishi, kisha ukasema kwa uhakika kama kinachofuata ni nomino, kitenzi au sentensi nzima.

## Hatua ya 2: Tenganisha mkia na kihusishi

Hapa watu huchanganyikiwa kwa sababu maneno ni yaleyale. "On", "off", "in" na "up" leo ni mikia, kesho ni vihusishi.

Chukua "before setting off from Mokowe". "Before" ni kihusishi kinachotawala kitenzi. "Off" ni mkia wa "set". "From" ni kihusishi cha mahali, kinaitawala "Mokowe". Liondoe neno unalolishuku kisha usikilize. Ukiondoa "off", "set" haibaki na maana ya safari, kwa hiyo "off" ni sehemu ya kitenzi. Ukiondoa "from Mokowe", safari bado ipo.

Andika mikia yote kwa wino mwekundu. Usiruke hata mmoja, kwa sababu hatua ya 4 inategemea kazi hii.

## Hatua ya 3: Ivishe kichwa "-ing", mkia uuache ulivyo

Tunasema "amepiga pasi", "kupiga pasi", "akipiga pasi". Hakuna anayesema "piga amepasi". "Pasi" inatulia mahali pake na viambishi vyote vinakwenda kwa "piga". Kitenzi chenye mkia ni ndugu wa "piga pasi", "piga mbizi" na "funga safari": maneno mawili, maana moja, na mabadiliko yote hubebwa na kichwa.

Kwa hiyo: setting off, filling in, tying up, running out of. Ukiona "-ing" imekaa kwenye wino mwekundu, umekosea.

Tahajia ina mambo manne tu. "E" ya mwisho isiyotamkwa huondoka: take, taking. Neno fupi la silabi moja lenye irabu moja na konsonanti moja mwishoni hurudia konsonanti: set, setting, put, putting, get, getting, run, running. Lenye irabu mbili halirudii: look, looking, na linaloishia kwa "w", "x" au "y" pia halirudii: row, rowing, tow, towing. "Tie" na "lie" hugeuka kuwa "tying" na "lying".

Tahadhari. Utaona mahali pameandikwa "after check-in" au "before take-off" na kudhani kitenzi kitupu kinakubalika. Hizo ni nomino zilizozaliwa na vitenzi, na mara nyingi huandikwa kwa kistari au kama neno moja. "Before take-off" ni kabla ya ndege kupaa, kama kusema kabla ya mpao. Si kila kitenzi kina nomino ya namna hiyo: "set-off" haitumiki kwa maana ya kufunga safari, na "fill-in" ina maana nyingine kabisa. Usipokuwa na uhakika, tumia "-ing", hutakosea.

## Hatua ya 4: Mpe shamirisho (kitu kinachotendwa) mahali pake

Hii ndiyo hatua inayomtofautisha anayeandika vizuri na anayeeleweka tu.

Kiswahili hukitia kiwakilishi tumboni mwa kitenzi: ku-wa-chukua, ku-i-zima. Kiingereza, kwa vitenzi vingi vyenye mkia, hufanya karibu vivyo hivyo, yaani kiwakilishi huingia katikati, baina ya kichwa na mkia:

- after picking them up
- without turning it off
- by filling it in

"After picking up them" ni kosa, na msikilizaji mzawa hulisikia mara moja. Ukitaka kukumbuka, soma "kuwachukua" polepole: ku, wa, chukua. "Wa" iko ndani. Hata "them" inataka kuwa ndani.

Nomino kamili ina uhuru zaidi. Inaweza kukaa katikati au mwisho: after picking the guests up, after picking up the guests. Lakini ikiwa ndefu, iache mwisho: after picking up the three guests who landed at noon. Ukiyabana maneno yote hayo katikati, msomaji atakuwa amesahau "picking" kabla hajaifikia "up".

Kuna kundi la pili lisilofunguka. "Look after", "look for", "get on", "get off" kwa maana ya kupanda na kushuka chomboni, "come across", "get over". Hapa shamirisho, awe kiwakilishi au nomino, hukaa baada ya mkia siku zote: without looking for it, before getting on it, by looking after them. "Looking it for" haisemwi.

Kundi la kitenzi utalijuaje? Kwa njia mbili. Ya kwanza ni kamusi: tafuta neno "something" au vifupisho "sth" na "sb" vimewekwa wapi. Ukikuta "pick sb up", kinafunguka. Ukikuta "look after sb" pekee, hakifunguki. Ya pili ni sauti. Katika vinavyofunguka, uzito wa sauti huangukia mkia: turning it OFF, picking them UP. Katika visivyofunguka, kama "look for", uzito kwa kawaida hubaki kwenye kichwa: LOOKing for it. Njia ya sauti husaidia lakini haiaminiki asilimia mia, kwa hiyo kamusi ndiyo ithibitishe.

Vitenzi vingine havina shamirisho kabisa. "Set off", "turn up" kwa maana ya kufika, "check in" mgeni anapojiandikisha mwenyewe. Hivi havina taabu: thank you for turning up on time.

Umefaulu ukiweza kuviandika vitenzi vyote 14 kwa muundo huu bila kuangalia: kihusishi, kitenzi, kisha "it" au "them" pale inapowezekana. Ukishindwa zaidi ya viwili, rudia kesho kabla ya kusonga mbele.

## Hatua ya 5: Mtego wa "to"

"To" mbili zinaandikwa sawa, zinatamkwa sawa, na kazi zake ni mbali kama Lamu na Malindi.

Ya kwanza ni alama ya kitenzi: want to, decide to, hope to, plan to, have to, would like to. Hii hufuatwa na kitenzi kitupu: We plan to set off at dawn.

Ya pili ni kihusishi halisi. Hii hufuatwa na nomino au "-ing": look forward to, be used to, get used to, object to, in addition to, get round to, when it comes to.

- We look forward to picking you up at Manda.
- I am used to setting off at dawn.
- In addition to looking after the boat, he cooks.
- He never got round to filling in the form.

Rudia jaribio la hatua ya 1. "We look forward to Maulidi" inakaa vizuri, kwa hiyo "to" ni kihusishi. "We want to Maulidi" imevunjika, kwa hiyo "to" ni alama ya kitenzi. Jaribio hili linafaa karibu kila mahali. Linalolikaidi ni "agree": unaweza kusema "agree to the price", na bado ukasema "agree to set off early", bila "-ing". "Agree" likariri peke yake.

Jozi inayowaliza watu zaidi ni hii:

"I used to set off at dawn" maana yake ni kwamba zamani nilikuwa nikiondoka alfajiri, na sasa siondoki tena. "I am used to setting off at dawn" maana yake ni kwamba nimezoea kuondoka alfajiri. Katika ya kwanza hakuna "am", "is" wala "are" kabla ya "used", na "to" ni alama ya kitenzi. Katika ya pili "am" ipo, na "to" ni kihusishi. Nahodha aliyemwandikia mgeni "I used to look after guests" akitaka kusema amezoea kuwahudumia wageni, amemwambia kwamba kazi hiyo ameshaiacha. Mgeni atatafuta boti nyingine. Kosa dogo hivi huondoka na riziki, ndiyo maana tunalitilia mkazo.

Zoezi la siku ya pili: andika sentensi 5 za "used to" na 5 za "am used to" kuhusu mambo yako halisi, kila moja ikiwa na kitenzi chenye mkia. Zisome kwa sauti. Baada ya "am used to", ulimi ukizoea kuvuta "-ing" wenyewe, umeshavuka.

## Hatua ya 6: Usizidishe

Mtu akishaijua "-ing", huanza kuimwaga kila mahali. Kosa la wanaoendelea ni hili: "We came to Manda for picking up the guests."

Linatokana na "kwa ajili ya kuwachukua". Lakini Kiingereza, kikieleza nia ya mtu, hutumia "to" tupu: We came to Manda to pick up the guests. Ukiweza kuweka "ili" katika Kiswahili chako, kama "tulikwenda Manda ili tuwachukue wageni", basi Kiingereza kinataka "to" na kitenzi kitupu.

"For" pamoja na "-ing" ina kazi zake. Hueleza matumizi ya kitu: a rope for tying up the boat. Hueleza sababu ya shukrani, radhi au lawama: thank you for looking after us, sorry for turning up late. Nje ya hapo, jiulize mara mbili.

Kuna sehemu nyingine tatu ambapo kihusishi, au neno linalofanana nacho, hakivuti "-ing":

"About to" maana yake ni karibu kutenda: The boat is about to set off. Ilinganishe na "We talked about setting off", tulizungumza habari ya kuondoka.

"But" na "except" baada ya "do" huchukua kitenzi kitupu: With the engine dead, they could do nothing but turn back.

Neno la kuulizia likiingia katikati, "to" hurudi: We argued about where to tie up the boat. Bila "where", ingekuwa "about tying up the boat".

## Hatua ya 7: Mikia miwili, vitenzi viwili

"Run out of", "put up with", "catch up with", "get away with", "cut down on" vina mkia wa maneno mawili. Havifunguki, kwa hiyo kila kitu kinakaa mwisho: after running out of fuel, instead of putting up with it, without catching up with them. Watu huogopa kuona vihusishi vimebanana na hulitupa neno moja, wakaandika "after running out fuel". Usilitupe. "Of" hapo ndiyo inayoishika "fuel".

Halafu mkia wenyewe unaweza kufuatwa na kitenzi kingine. "Give up", "put off", "keep on", "carry on" na "end up" huvuta "-ing" baada yake: give up smoking, put off leaving, keep on rowing. Ukitanguliza kihusishi, utapata "-ing" mbili, na hiyo ni sahihi:

- He is thinking about giving up fishing.
- Instead of putting off repairing the engine, do it before kusi.

Sentensi ya pili ni sahihi lakini nzito. Ukiweza kuigeuza, igeuze: Don't put off repairing the engine. Kanuni haikulazimishi kurundika.

## Hatua ya 8: Hakikisha mtenda ni mmoja

Hili halifundishwi sana, na kwa anayeandikia wageni ni la lazima. Neno la "-ing" baada ya kihusishi mwanzoni mwa sentensi halina mtenda wake. Linaazima mtenda wa sentensi inayofuata.

"After getting off the plane, our boat will take you to Lamu."

Kiswahili chake kinapita masikioni: baada ya kushuka kwenye ndege, boti yetu itawapeleka Lamu. Lakini Kiingereza kinasema boti ndiyo iliyoshuka kwenye ndege. Dawa ni mbili. Mlete mtenda halisi: After getting off the plane, you will see our boat at the Manda jetty. Au tumia kiunganishi: After you get off the plane, our boat will take you to Lamu.

Ikiwa ni amri, mtenda ni msomaji, kwa hiyo hakuna shida: Before stepping off the boat, wait for the captain to tie it up.

Ukanushi ni mwepesi: "not" hutangulia "-ing". Sorry for not picking you up yesterday. "Sorry for don't pick you up" ni tafsiri ya moja kwa moja ya "samahani kwa kutokukuchukua", na "kutoku-" mwenzake ni "not" pamoja na "-ing", si "don't". Kauli ya kutendwa huchukua "being": She was afraid of being left behind; he walked from Shela instead of being picked up.

## Jaribio la mwisho: bango la nyumba ya wageni

Bango hili limetungwa kwa zoezi, ila makosa yake ni ya kila siku. Funika masahihisho, andika yako, kisha linganisha.

1. Take off your shoes before enter in.
2. Do not go out without turn off the fan.
3. After use the towels, hang up them.
4. Give us the key before to check out.
5. The boat comes at six for pick up you.
6. After getting on the boat, the captain will give you a life jacket.
7. We look forward to look after you.
8. Guests who used to get up late can have breakfast at ten.

Masahihisho:

Ya 1: Take off your shoes before going in. "Enter" haihitaji "in" hapo, kwa hiyo "before entering" nayo inafaa.

Ya 2: without turning off the fan.

Ya 3: After using the towels, hang them up. Makosa ni mawili: "-ing" baada ya "after", na "them" iliyoachwa nje ya tumbo la kitenzi. Waliopata moja tu warudi hatua ya 4.

Ya 4: before checking out.

Ya 5: The boat comes at six to pick you up. Ni nia, "ili iwachukue", kwa hiyo si "for".

Ya 6: After you get on the boat, the captain will give you a life jacket. Ilivyoandikwa, nahodha ndiye anayepanda.

Ya 7: We look forward to looking after you.

Ya 8: Guests who are used to getting up late can have breakfast at ten. Bila "are", bango linasema chai ya saa nne asubuhi ni ya wageni waliokuwa wakichelewa kuamka zamani na sasa wameacha.